Intaneti ina kasi, torenti inajikongoja: majibu ya maswali yenu

Maswali ya torenti, yaani njia ya kuchota faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi huku nawe ukiwapa wengine, yametujaa safari hii, basi tumeyaweka pamoja. Mengi yanaanza na lalamiko lilelile: nimelipia kasi, mbona siioni? Jibu hutegemea njia inasongwa wapi. Huenda ni kwa hao unaochota kwao, kwa mtoa huduma, kwenye ruta, kwenye waya au Wi-Fi, au ndani ya kompyuta yenyewe. Tunawasihi jambo moja kabla hamjagusa kitu: msibadilishe mipangilio kumi kwa mpigo. Badilisha mmoja, subiri dakika kumi, tazama, ndipo uende kwa mwingine. Na majaribio yote yafanyeni kwa torenti halali yenye watu wengi, mfano faili la kusakinisha Debian au Ubuntu, mifumo ya kompyuta inayotolewa bure. Hapo ukikosa kasi, walau unajua tatizo si uchache wa wagawaji, yaani wenye faili lote wanaowapa wengine.

SWALI: Laini yangu ni ya 20. Tovuti ya kupima kasi inaonyesha 19 kila nikipima, lakini torenti haivuki 2.3 hata usiku wa manane. Kasi nyingine inakwenda wapi?

Haiendi popote, unaipata yote. Mtoa huduma anahesabu megabiti kwa sekunde, programu ya torenti inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 19 kwa 8 upate karibu 2.4, kisha ondoa kiasi kinacholiwa na anwani na maelezo yanayobandikwa kwenye kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha data. Tazama herufi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Laini yako ni nzima, usiguse kitu.

SWALI: Wataalamu, hamjambo? Nina laini ya megabiti 30 kupakua na 2 kupakia. Nikiwasha torenti inapaa kwa dakika mbili, kisha inaporomoka hadi kilobaiti 60, na hapo nyumba nzima hakuna anayeweza kufungua hata ukurasa mmoja. Nikiizima, kila kitu kinarudi sawa. Ruta imeharibika?

Hatujambo. Ruta yako huenda ni nzima kabisa. Kinachokuumiza ni kupakia. Kila pakiti kadhaa zinapokufikia, kompyuta yako hurudisha risiti ndogo kumwambia mtumaji kwamba zimefika, alete nyingine. Torenti ikipakia bila kikomo, vipande unavyowatumia wengine hujipanga foleni ndefu ndani ya modemu, na risiti zako zinakaa mwisho wa foleni hiyo. Mtumaji asipoona risiti kwa wakati hupunguza mwendo. Kurasa nazo zinakwama kwa sababu ombi la kufungua ukurasa linasubiri kwenye foleni hiyohiyo.

Thibitisha kwanza. Fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza liendeshe ping, amri ya kupima muda wa kujibiwa, kwenda kwenye anwani ya ruta, la pili kwenda nje, mfano 1.1.1.1. Torenti ikiwa imesimama, tuseme ya nje inajibu kwa milisekunde 30. Sasa iwashe bila kikomo. Ya nje ikipanda hadi mamia ya milisekunde huku ya ruta ikibaki 2 au 3, foleni iko kwenye njia ya kutokea nje na maelezo yaliyo hapa juu ni yako. Ya ruta yenyewe ikipanda, basi Wi-Fi ni mbovu au ruta imeelemewa, na hilo tunalifikia hapo chini.

Dawa ni kuweka kikomo cha kupakia. Megabiti 2 ni kilobaiti 250 kwa sekunde, lakini tumia kasi uliyoipima, si iliyoandikwa kwenye mkataba. Anza na asilimia 75 yake. Kwako ni kama kilobaiti 190. Angalia ping ya nje. Ikiwa imetulia, ongeza kilobaiti 10 na uangalie tena. Ikianza kuruka, rudi hatua moja. Wengi hutua kati ya asilimia 75 na 85.

Usishuke chini kupita kiasi. Tunajua wako wanaoweka kilobaiti 1 wakidhani wamepata ujanja. Utaratibu wa BitTorrent, tangu Bram Cohen alipoutoa mwaka 2001, ni wa nipe nikupe: karibu kila sekunde 10 programu ya mwenzako hupitia orodha ya watu wake na kuwapa vipande wale wanaompa vingi. Mara moja katika sekunde 30 hivi hujaribu mtu mmoja kwa bahati nasibu. Usipotoa kitu, unaishi kwa nafasi hiyo ya bahati nasibu. Wagawaji wenye faili lote hawakudai chochote, ndiyo maana kwenye torenti yenye wagawaji 500 ujanja huo hauonekani kuumiza. Kwenye yenye wagawaji watatu, unajinyima mwenyewe. Na tahadhari: kwenye programu nyingi sifuri maana yake ni hakuna kikomo.

Kikomo cha jumla hakitoshi. Angalia pia nafasi za kupakia kwa kila torenti, yaani unawahudumia watu wangapi kwa wakati mmoja. Kilobaiti 190 ukizigawa kwa nafasi 4, kila mmoja anapata karibu 48, na hapo una thamani machoni pake. Ukizigawa kwa nafasi 20, kila mmoja anapata chini ya 10 na hakuna atakayekukumbuka. Kwa laini kama yako, nafasi 4 kwa torenti, torenti 2 zinazofanya kazi kwa pamoja, zilizobaki zisubiri zamu.

Halafu idadi ya miunganisho. Kila muunganisho unachukua mstari kwenye jedwali la NAT la ruta, yaani orodha ya mazungumzo yapi ni ya kifaa kipi nyumbani, na ruta ndogo za nyumbani zina jedwali dogo na kumbukumbu ndogo. Dalili ni hii: mtandao unakufa wote, ukizima na kuwasha ruta unapona kwa nusu saa, kisha unakufa tena. Weka miunganisho 200 kwa jumla na 60 kwa torenti moja. Hutapoteza kasi, laini ya megabiti 30 inajazwa na watu kumi wazuri tu. Anayekushauri uweke 2,000 anakuharibia.

Kama ruta yako ina mpangilio wa kusimamia foleni, hasa fq_codel au CAKE, uwashe na uweke asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, pande zote mbili. Hapo hata mtu mwingine nyumbani akipakia video, risiti zako zinapita.

SWALI: Programu inaniambia poti imefungwa. Nimeingia kwenye ruta na kuielekeza kwenye kompyuta yangu, bado imefungwa. Je, ni lazima ifunguke?

Si lazima, ila ina uzito. Poti ni mlango wenye namba ambao wengine huingilia kuifikia programu yako. Poti ikifungwa unaweza kupiga simu lakini hupigiwi. Wewe mwenye poti iliyofungwa na mwingine wa aina yako kwa kawaida hamuwezi kukutana, hivyo sehemu ya kundi, yaani watu walio kwenye torenti hiyo, haipo kwako. Kwenye torenti kubwa hutagundua. Kwenye torenti ndogo, hiyo inaweza kuwa tofauti ya kulipata faili na kulikosa.

Pitia hatua hizi upya, maana kosa moja dogo linatosha kuharibu zote. Chagua poti moja ndani ya programu, namba yoyote kati ya 49152 na 65535, na uzime chaguo la kubadilisha poti kila programu inapowaka. Kisha hakikisha kompyuta ina anwani isiyobadilika ndani ya nyumba. Ruta inaweza kuitengea, tuseme 192.168.1.50, kwa kutumia namba ya MAC ya kadi yake ya mtandao. Hapa ndipo wengi wanapokwama: walielekeza poti kwa anwani ya jana, leo kompyuta imepewa nyingine, na poti sasa inaelekea kwenye simu ya mtu. Unapoelekeza, weka TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data, zote mbili. Ukisahau UDP unaumiza DHT, ambayo ndiyo njia ya kuwatafuta watu bila traka (seva inayotunza orodha ya walio kwenye torenti), pamoja na uTP, ambayo programu nyingi huitumia kusafirisha vipande. Mwisho ni ukutamoto (firewall) wa kompyuta: ruhusu programu yenyewe, na kwenye Windows angalia kama mtandao wa nyumbani umeandikwa wa umma au wa faragha, kwa kuwa ruhusa hutolewa kwa kila aina peke yake.

Pima poti huku programu ikiwa wazi. Programu ikiwa imefungwa hakuna anayesikiliza, na kipimo chochote kitasema imefungwa.

Ikiwa bado, fungua ukurasa wa ruta na usome anwani yake ya upande wa nje, kisha uilinganishe na anwani ambayo tovuti ya kuonyesha IP inakuonyesha. Zikifanana, rudia hatua za juu. Zisipofanana, jibu limeshapatikana. Anwani ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hilo ni jambo la kawaida sana kwenye intaneti ya laini za simu, na hakuna kuelekeza poti kutakakosaidia kwa sababu mlango uliofungwa ni wake. Ikianza na 192.168, 10, au kati ya 172.16 na 172.31, kwanza angalia kama una vifaa viwili vinavyofanya kazi ya ruta: modemu ya mtoa huduma na ruta uliyonunua. Weka kimoja kwenye hali ya daraja, yaani kipitishe data tu bila kufanya kazi ya ruta. Kama kifaa ni kimoja tu, hapo pia ni mtoa huduma.

Kwa aliye nyuma ya anwani ya pamoja, muombe mtoa huduma anwani ya umma. Wengine huitoa kwa ada. Njia nyingine ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ambayo haihitaji kuelekeza poti, ila ukutamoto wa ruta lazima uiruhusu kuingia. Ya tatu ni VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa siri kwenye seva yake, ila iwe inayotoa poti ya kuingilia; isiyotoa inakurudisha palepale.

UPnP, mpangilio ulio kwenye ruta, huelekeza poti yenyewe, na kwa wengi inatosha. Lakini inaruhusu programu yoyote ndani ya nyumba kufungua mlango bila kukuuliza. Sisi tunapendelea kuelekeza kwa mkono na kuizima. Ukichagua moja, acha nyingine. Zikiwa pamoja kwa poti moja zinaweza kugombana.

SWALI: Nitajuaje kama mtoa huduma anaibana torenti makusudi?

Kwa kulinganisha. Chukua torenti ya Debian, ipakue saa mbili usiku na tena saa kumi alfajiri, na kila mara pakua faili kubwa la kawaida kutoka kwenye tovuti. Vyote vikiwa polepole usiku na vyote vikiwa na kasi alfajiri, huo ni msongamano wa jioni, hajakulenga wewe. Faili la tovuti likikimbia saa zote na torenti ikitambaa saa zote, washa VPN ujaribu torenti ileile. Ikipaa ndani ya VPN, kuna mtu njiani anaitambua na kuibana.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2007 ilibainika huko Marekani kwamba Comcast ilikuwa ikikata miunganisho ya BitTorrent kwa kupenyeza pakiti bandia za kufunga mazungumzo, kana kwamba zimetoka kwa mwenzako wa upande wa pili.

Kabla ya VPN, jaribu usimbaji (encryption) uliomo ndani ya programu. Chagua kuupendelea, usiulazimishe. Ukiulazimisha unawakataa wote wasioutumia na kundi linapungua. Elewa pia kwamba usimbaji huo unaficha umbo la mazungumzo tu. Anwani yako bado inaonekana na kila aliye kwenye kundi.

SWALI: Imefika asilimia 98 na imegoma siku ya tatu. Nifungue poti?

Hapana. Tazama safu ya upatikanaji. Ikisoma 0.98, basi kundi zima likijumlishwa halina asilimia 2 iliyobaki, na hakuna mpangilio utakaozaa kipande ambacho hakuna aliye nacho. Iache wazi, huenda mgawaji akarudi, au tafuta torenti nyingine ya faili lilelile. Kubandika orodha ya traka 100 hakutakusaidia. DHT ikiwa inafanya kazi, traka mbili zilizo hai zinatosha.

SWALI: Nimehamia laini ya gigabiti 1. Torenti inagota kwenye megabaiti 11.5, kila siku namba hiyohiyo.

Namba hiyo inajitaja. Ni megabiti 100, kasi ya kebo inayotumia jozi mbili tu za nyaya. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Angalia hali ya kadi ya mtandao: ikiandika 100 Mbps, badilisha kebo uweke Cat5e au zaidi yenye nyaya zote 8, na chunguza kichwa chake, kwani waya mmoja ukiwa haujagusa, kadi na ruta hushuka kimyakimya hadi 100. Kama kebo ni nzima, angalia tundu la ruta. Ruta za zamani zina matundu ya 100 tu.

Ukivuka hapo, kizuizi kinachofuata huwa ni diski. Torenti huandika vipande bila mpangilio, na diski ya kuzunguka, hasa ya nje ya USB, huchoka haraka. Elekeza mafaili yasiyokamilika kwenye SSD, programu iyahamishe yakishakamilika, na uiambie antivirasi isikague folda hiyo ya muda. Faili zima likaguliwe likifika kwenye folda ya mwisho.