Muulize Mzee wa Kanda: Mwaka 1985 tulicheza nini?

Toleo lililopita nilitaja kwamba 1985 ndio mwaka nilioanza kurekodi kanda kwa malipo pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Barua zilizofuata karibu zote zinauliza habari za mwaka huo. Ndaga fijo kwa mlioandika kutoka Mbeya na Rungwe, na wa Iringa na Njombe, kamwene. Nimechukua barua chache zinazobeba maswali ya wengi.

Mzee, shikamoo. Nasoma chuo hapa Mbeya, nimezaliwa 2003. Nikitafuta nyimbo zilizotamba 1985 naletewa Wham!, Madonna na Whitney Houston. Baba anasema mwaka ule hakusikia hata mmoja wao. Nimwamini nani? Mwanafunzi, Iyunga

Marahaba mwanangu. Mwamini baba. Orodha uliyoletewa nayo haidanganyi, ila inasema habari za kwao. Ni hesabu ya Billboard, jarida la Marekani, linalopima mauzo ya santuri na nyimbo zinazopigwa na redio za huko. Kwa hesabu hiyo wimbo wa kwanza wa mwaka mzima ulikuwa "Careless Whisper" wa Wham! na George Michael, na albamu ya kwanza ya Whitney Houston ilitoka Februari 14 mwaka huohuo. Sasa jiulize vingemfikiaje baba yako. Redio yetu ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo hadi 1994. Betri za redio ulikuwa unazisaka duka kwa duka. Afadhali ilianza baada ya 1984, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa. Hapo ndipo redio kaseti na kanda tupu zilipoanza kuonekana sokoni kwetu, nyingine zikishushwa kwenye malori yanayotoka Tunduma.

Wimbo wa Mbeya wa mwaka 1985, na hili nitalitetea mbele ya yeyote, ni "Mario" wa Franco na bendi yake ya TP OK Jazz, ya Zaire, Kongo ya sasa. Wimbo wenyewe ni kesi ya nyumbani. Kijana msomi, mwenye vyeti vyake, amehamia kwa mama mtu mzima mwenye fedha, anakula na kulala bure, tena ana ukorofi, na mama sasa amemchoka. Madilu System anaimba kwa sauti ya kulalama, halafu Franco anaingia na lile zito lake, akisema maneno kama mjomba aliyeitwa kusuluhisha, huku magitaa yakizunguka palepale bila haraka. Sisi Kilingala hatukukijua. Palikuwa na dereva mmoja aliyekuwa akipeleka mizigo Ndola, na huko alikuwa amekaa na Wazaire wa kutosha kuelewa. Akifika kibandani kwangu watu walikuwa wakimnunulia chai ili akae kwenye benchi awatafsirie mstari kwa mstari. Wanawake waliokuja kununua mchele walisimama na vikapu vyao mpaka wimbo uishe, na mabishano ya nani mwenye kosa yaliendelea hadi jioni. Baada ya hapo jina la Mario likahamia mitaani, na mnajua nani anaitwa hivyo mpaka leo.

Wengi walitaka upande mzima uwe "Mario" tu. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na wimbo ule una kama robo saa. Ukiuweka mara mbili upande umejaa. Mteja anaondoka ameridhika kabisa.

Kwa hiyo ukitaka kujua nini kilitamba mahali fulani, usianze na intaneti. Anza na kanda zilizochakaa za mahali hapo. Pale utepe ulipopauka kwa kupigwa na kurudishwa, ndipo penye wimbo wa mwaka.

Mzee wa Kanda, watoto walinionyesha filamu ya kumbukumbu iliyotoka 2024 kuhusu ule usiku wa "We Are the World". Humo wanabishana kuhusu kuimba Kiswahili! Ni kweli au ni chumvi za filamu? Mama wa Kihesa, Iringa

Ni kweli, mama yangu. Ilikuwa usiku wa Januari 28, 1985, katika studio za A&M, Los Angeles. Wasanii walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye sherehe za tuzo. Wazo la kuwakusanya kwa ajili ya njaa ya Ethiopia lilitoka kwa Harry Belafonte, wimbo ukatungwa na Michael Jackson na Lionel Richie, na msimamizi alikuwa Quincy Jones, yule aliyebandika tangazo la kuwataka waache majivuno mlangoni. Katikati ya usiku Stevie Wonder akapendekeza mstari mmoja uimbwe kwa Kiswahili. Mabishano yakaanza. Mwimbaji wa kantri, Waylon Jennings, akaondoka studio. Bob Geldof, mwimbaji wa Ireland ambaye alikuwa ametoka Ethiopia kuiona njaa kwa macho yake, akawaambia kwamba watu wa kule hawasemi Kiswahili. Wazo likafa, Kiingereza kikabaki.

Mimi nakipenda Kiswahili kuliko wengi, na nadhani Geldof alisema sawa. Mwenye njaa alikuwa Mwamhara, Mtigrinya, Mworomo. Ukitaka kumwimbia kwa lugha yake, tafuta lugha yake. Lakini Stevie Wonder naye simlaumu hata kidogo, maana katika chumba kile kizima yeye ndiye aliyejiuliza kama wale wanaoimbiwa wangesikia neno lao lolote. Usiku uleule waliingia studio wanawake wawili wa Ethiopia, wageni wa Stevie Wonder, wakawashukuru wasanii, na baadhi ya wasanii wakalia.

Nikuongezee moja. Belafonte huyohuyo alikuwa ameshaimba Kiswahili miaka 20 nyuma, mwaka 1965, aliporekodi "Malaika" pamoja na Miriam Makeba. Wakati wenzake wanahangaika na mstari mmoja, yeye alikuwa amesimama safu ya nyuma ya kwaya. Baadaye wenzake wakamwimbia "Day-O" wimbo wake, kumheshimu. Ukiirudia ile filamu, mtazame yeye.

Kaka, habari za kazi. Live Aid ilikuwa saa ngapi kwa saa zetu? Na ni kweli Freddie Mercury ni Mzanzibari? Fundi redio, Makambako

Nzuri kaka. Tamasha lile la kuchangia njaa ya Ethiopia, lenye majukwaa mawili, London na Philadelphia ya Marekani, lilikuwa Jumamosi, Julai 13, 1985. Wembley, London, walianza saa sita mchana kwa saa zao za kiangazi, ambayo kwetu ni saa nane mchana. Philadelphia walipofunga, huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na ushee asubuhi ya Jumapili, na baridi ya Julai ya Mbeya unaijua. Queen, bendi ya Freddie, walipanda jukwaani kwetu ikiwa kama saa tatu kasorobo usiku, wakapiga dakika 20 hivi ambazo watu hawajaacha kuzisimulia. Phil Collins alipiga Wembley, akapanda ndege ya Concorde, akapiga na Philadelphia siku hiyohiyo.

Freddie alizaliwa Zanzibar, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Alipelekwa shule India, akarudi Unguja, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo ndiyo, mtoto wa Unguja ndiye aliyeutikisa uwanja ule.

Lakini kuna jambo linaniuma, na miaka haijalipunguza. Tamasha lile lilifanywa kwa ajili ya Afrika, na jukwaani Waafrika walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Sade, mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, aliimba Wembley. Ethiopia ilikuwa na Tilahun Gessesse, sauti yake ikiwa imekomaa, na watu wake ndio waliokuwa wanakufa. Franco alikuwa hai, na wimbo wake ukipigwa kuanzia Kinshasa mpaka Mwanjelwa. Fedha zilizopatikana zilinunua chakula na dawa, hilo nalishukuru kwa moyo wote, na "We Are the World" pekee uliingiza zaidi ya dola milioni 60. Ila mtu mwenye njaa bado ana waimbaji wake. Kumwita mwimbaji mmoja kusingempunguzia mtu sahani.

Mzee, baba yangu alikuwa mtu wa Sikinde mpaka kaburini. Alikuwa akisema 1985 ni mwaka wa "usaliti". Alimaanisha nini? Msomaji, Njombe

Pole kwa msiba wa baba, na Mungu amrehemu. Alikuwa anaongea habari za Ndekule. Bendi ya Mlimani Park, ambayo mtindo wake ni Sikinde, ilianzishwa 1978, na miongoni mwa nguzo zake walikuwamo Muhidin Maalim Gurumo, aliyetokea NUTA Jazz, na mpiga gitaa Abel Balthazar. Baadaye Hassan Bitchuka naye akawa sauti ya pale. Ilipofika 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, akawachukua kwa mkupuo, Gurumo, Balthazar na Bitchuka wakiwamo. Wakaanza mtindo mpya, Ndekule. Kwa mpenzi wa Sikinde ilikuwa kama kuvunjiwa nyumba.

Mimi sikuuita usaliti wakati ule, na sasa siwezi. Mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Vyombo si vyake, jina la bendi si lake, na wimbo alioutunga ulikuwa ukirekodiwa studio ya Radio Tanzania na kupigwa hewani miaka na miaka. Kiwanda cha kutengeneza santuri hapa nchini hakikuwapo, hivyo hata mauzo ya santuri ya kumfaa hayakuwapo labda bendi ifunge safari ya Nairobi. Mtu akitokea na mshahara mzuri na vyombo vipya, atakataaje? Na tazameni Sikinde haikufa. King Michael Enoch alikuwapo, akaipanga upya, na mwaka huo na uliofuata sisi wa mikoani tukapata bendi mbili nzuri badala ya moja.

Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa ngumu. Nyimbo hizo hazikuuzwa dukani, ilibidi kuzinasa redioni. Nilikuwa nakaa na vidole viwili juu ya vitufe, cha kurekodi na cha kusimamisha, nikisubiri mtangazaji amalize jina la wimbo. Akiendelea kusema huku magitaa yameshaanza, sauti yake inaingia kwenye kanda na haitoki. Wateja wangu wa Uyole walikuwa wanazikariri hata zile salamu za watu wasiowajua, wakiziimba kama sehemu ya wimbo.

Ni kweli Makaburu waliwahi kumpiga marufuku Stevie Wonder? Mwalimu, Tukuyu

Ndiyo, mwalimu. Machi 25, 1985 alipokea tuzo ya Oscar kwa wimbo "I Just Called to Say I Love You", akaipokea kwa jina la Nelson Mandela, ambaye alikuwa bado gerezani. Shirika la utangazaji la Afrika Kusini likaacha kupiga nyimbo zake. Mwishoni mwa mwaka huohuo Steven Van Zandt akakusanya wasanii wakatoa "Sun City", kuapa kwamba hawatapiga muziki kwenye kile kituo cha starehe cha Makaburu chenye jina hilo. Kwa nchi yetu, iliyowapa wapigania uhuru mpaka masafa ya redio yake, hizo ndizo habari za muziki za 1985 ambazo zingepaswa kufundishwa shuleni.

Shikamoo Mzee. Mume wangu ameacha sanduku la kanda, zingine zimeandikwa "RTD 85" kwa kalamu. Zina ukungu. Nizitupe? Bibi wa Mwakaleli

Marahaba dada yangu, na usitupe hata moja. Ukungu wa Mwakaleli hauzuiliki, mvua zenu ndizo hizo, lakini mara nyingi unakaa pembeni mwa utepe na muziki uko salama. Usiiweke kanda kwenye deki ikiwa hivyo, itachafua kichwa cha deki na kuambukiza nyingine. Ianike kivulini penye hewa kavu siku kadhaa, kamwe si juani. Kama gamba lake lina skrubu tano, mjukuu mwenye mkono mtulivu alifungue, afute ukungu kwa pamba yenye spiriti kidogo, ahamishie roli zote mbili za utepe kwenye gamba safi. Aangalie pia kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe: kikianguka, sauti inafifia na watu husema kanda imekufa, kumbe ni sponji.

Kisha izungusheni yote mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuipiga. Tafuteni deki iliyosafishwa kichwa, toeni waya kwenye tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, mrekodi kwa programu ya bure kama Audacity. Hifadhini kwanza bila kubana faili, MP3 ya kutumiana kwenye simu ije baadaye. Andikeni kila kilicho kwenye karatasi ya kanda, hata namba za simu zilizofutwa na majina ya watu waliotumiwa salamu. Bendi nyingi hazina nakala ya nyimbo zao, na si kila kilichorushwa mwaka ule kimesalia kwenye maktaba ya redio. Inawezekana kabisa sanduku la mumeo lina wimbo ambao hauko kwingine.

Lakini kabla ya yote hayo, leo hii, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kanda, ili mtoto asije akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.