Moyo Hudunda Kabla Sijajua Ninaogopa Nini: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ubongo na Hisia

Barua nilizozichagua safari hii zinahusu yanayotokea ndani ya fuvu pale tunaposema tumeogopa, tumehuzunika au tumekasirika. Nimezifupisha, na majibu yangu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Swali: Nikisikia kishindo usiku, moyo hudunda na mikono hutetemeka kabla hata sijajua kilichotokea. Je, ni moyo unaotangulia au ni ubongo?

Jibu: Ubongo ndio unaotangulia, ingawa lugha yetu imeukabidhi moyo kazi hiyo tangu zamani, nasi tutaendelea kusema moyo umetupasuka. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kifundo cha seli za neva chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Sauti ya kile kishindo hukifikia kifundo hicho kwa njia mbili: moja ni fupi, ya haraka na isiyochambua kitu, nyingine ni ndefu, kwa kuwa hupitia kwanza kwenye gamba la ubongo, ambako sauti hupambanuliwa kuwa ni ya nini hasa. Mtafiti wa Marekani Joseph LeDoux alizieleza njia hizi kwa kuwachunguza panya. Habari ya njia fupi inapowasili, amri hutoka mara moja, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na mapigo ya moyo huongezeka. Ndipo ile habari ya pili inapofika na kusema kwamba ni mlango tu uliosukumwa na upepo. Kufikia hapo adrenalini imekwishaingia kwenye damu na haiwezi kurudishwa ilikotoka, na ndiyo sababu mikono yako huendelea kutetemeka kwa muda ilhali akili imekwishatulia.

Hata hivyo nisingependa uondoke ukiamini kwamba hofu yote inakaa ndani ya lozi mbili. Yupo mwanamke anayetajwa katika maandiko ya kitabibu kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa adimu wa kurithi. Watafiti walimpeleka palipo na nyoka na buibui wakubwa, naye hakuonyesha woga wowote, bali alitamani kuwagusa. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alipovutishwa hewa yenye kaboni dioksaidi asilimia 35, alishikwa na kiwewe kikali. Hatari iliyohisiwa ndani ya mwili wake mwenyewe ilipata njia nyingine ya kumfikia.

Swali: Nimeambiwa nina sonona. Jamaa zangu wanasema nijikaze. Daktari amesema ubongo wangu umepungukiwa na kemikali, akaniandikia dawa. Nani anasema kweli?

Jibu: Pole sana. Jamaa zako nina hakika wanakupenda, ila katika hili wamekosea, na kosa lao linaumiza. Sonona huvuruga usingizi, hamu ya kula, kasi ya kufikiri, na hata uwezo wa kuamua uvae shati lipi asubuhi. Kujikaza ni kazi ya ubongo. Kumwambia mgonjwa wa sonona ajikaze ni kumdai nguvu kutoka kwenye kiungo kilekile kinachougua.

Daktari wako yu karibu zaidi na ukweli, lakini maelezo aliyokupa ni mafupi mno. Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu nchini Marekani waliopewa dawa iitwayo iproniazid walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Baadaye ilidhihirika kwamba dawa hiyo huzuia kuvunjwavunjwa kwa serotonini na kemikali nyingine ambazo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe, na kutokana na hapo likazuka wazo kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Wazo hilo lina kasoro moja ambayo kila anayemeza dawa huigundua mwenyewe: dawa nyingi za siku hizi huongeza serotonini kati ya seli ndani ya muda wa saa kadhaa, lakini nafuu huchukua wiki 2 hadi 6. Lau upungufu ungekuwa ndio ugonjwa wote, ungeamka mzima kesho yake. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni kwamba dawa huanzisha mabadiliko ya polepole katika namna seli zinavyoungana na kuitikiana, na kwamba ugonjwa wenyewe husukwa na nyuzi nyingi, zikiwemo urithi, misiba, msongo wa muda mrefu na maradhi ya mwili.

Kwa hiyo meza dawa kama ulivyoelekezwa, na usiiache ghafla hata ukijisikia vizuri, kwa sababu kuikatisha kwa mkupuo kunaweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi. Muulize daktari kama tezi ya shingoni imepimwa, maana ikizembea huleta dalili zinazofanana na sonona. Omba pia tiba ya mazungumzo. Kwa sonona isiyo kali sana, matokeo yake hukaribiana na ya dawa. Na ikiwa mawazo ya kujiua yatakujia, usisubiri siku ya miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo, akupeleke hospitali.

Swali: Mwanangu ana miaka 16. Ukimuuliza kuhusu hatari anaijua vizuri, lakini akiwa na wenzake anaifanya. Je, ananidharau?

Jibu: Sidhani. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia msukumo, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20, ilhali mitandao inayoitikia raha na sifa huwa imekwishachangamka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, vijana waliocheza mchezo wa kuendesha gari mbele ya wenzao walijihatarisha zaidi kuliko waliocheza peke yao. Kubaliana naye mapema, mkiwa wawili na mmetulia, kuhusu neno atakalowaambia wenzake ili aweze kuondoka bila kuonekana mwoga.

Swali: Nisipolala vizuri nagombana na kila mtu. Je, ni kisingizio?

Jibu: Si kisingizio. Usiku mmoja tu bila usingizi huifanya amigdala iitikie picha za kuudhi kwa nguvu zaidi, huku mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo yakilegea. Ahirisha ugomvi hadi utakapolala.

Swali: Kaka yangu aliumia kichwani katika ajali. Jeraha limepona na anakumbuka kila kitu, lakini amekuwa mkali, hana subira, na hutamka maneno ya aibu mbele za watu. Wifi yangu amekata tamaa. Je, anafanya makusudi?

Jibu: Dada yangu, yaelekea sana kwamba hafanyi makusudi. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti mwambani ikalipuka. Mtaimbo wake, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi, uliingia chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea utosini. Muda mfupi baadaye alikuwa ameketi kwenye mkokoteni akizungumza. Alipopona, John Harlow, daktari aliyemtibu, aliandika kwamba mtu huyu aliyekuwa makini na mwenye kuheshimiwa amekuwa wa matusi, kigeugeu na asiyeshaurika, hata rafiki zake wakasema si Gage tena.

Simulizi nyingi huishia hapo, na hilo hunisikitisha, kwa sababu Gage baadaye alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayodai subira, kuzingatia saa na kuelewana na abiria. Wapo watafiti wanaoamini kwamba ratiba isiyobadilika ya kazi hiyo ndiyo iliyomsaidia kujipanga upya.

Mpelekeni kaka yako kwa daktari wa ubongo na neva, na mweleze tabia zilizobadilika kwa mifano, siyo jeraha peke yake. Nyumbani mpangieni siku zinazofanana, kazi moja kwa wakati mmoja na kelele chache. Akianza kupandisha hasira, ondokeni chumbani badala ya kubishana naye. Wifi yako naye asiachwe peke yake na mzigo huu. Kama yupo wa kumpokea zamu hata siku moja kwa wiki, anzeni na hilo.