Benchi la Fundi: Laki tisa zitanitoa na kompyuta ya gemu?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga. Nimejinyima mwaka mzima kwenye bodaboda, nimefikisha Sh 900,000. Nataka kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu za FC (ile ya mpira) na GTA V, na nianze pia kuhariri video za harusi, maana huku mtaani kazi hiyo ipo na watu wa kuifanya ni wachache. Kioo (skrini) sina. Nilipokuja Dar, winga mmoja Kariakoo alinionyesha Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, akasema ni i7 na ataniwekea kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti, vyote Sh 650,000. Rafiki yangu anasema niachane na mtumba, ninunue vifaa vipya vya Ryzen 5 5600G nifunge mwenyewe. Nifuate lipi?
— Mwana-boda, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Pesa ya bodaboda naijua inavyopatikana, kwa hiyo nitakujibu kama vile inatoka mfukoni mwangu.

Yule winga usimpe kitu. OptiPlex 7010 si mashine mbaya, nimezifungua nyingi na nyingine bado zinafanya kazi kwenye stationery za hapa mjini. Lakini ni mashine ya mwaka 2012, na neno "i7" ndilo linalowapoteza vijana wengi wanaofika kwenye benchi langu. Wanaangalia stika ya mbele, hawaangalii namba inayofuata. Mwambie muuzaji akuwashie, uingie sehemu ya "About" kwenye Windows, usome jina zima la prosesa. Ukikuta i7-3770, hiyo 3 ya mwanzo ndiyo kizazi: kizazi cha tatu. Ukikuta i5-8500, ni kizazi cha nane, cha mwaka 2018, na ndani yake mna viini (sehemu zinazofanya kazi ya kukokotoa) sita badala ya vinne. Hiyo i5 inaipita ile i7 kwenye gemu na kwenye video.

Kuna jambo jingine la umri. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine za zamani, nami nimewahi kuwafanyia wateja, lakini gemu za mtandaoni zinazidi kukaza masharti ya usalama. Valorant, kwa mfano, ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kichipu cha usalama ndani ya kompyuta. Usinunue leo mashine ambayo mlango umeshafungwa.

Sasa huo wembamba wake. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo pesa nyingi zinapotea. Boksi jembamba la Dell au HP linapokea kadi ya michoro fupi tu, ile yenye bati la nusu kimo. Kadi ya kawaida haiingii, hata ukiibembeleza. Na kadi fupi ni chache sokoni, kwa hiyo zinauzwa ghali kuliko ndugu zake ndefu zenye nguvu ileile. Winga akikwambia "nitakuwekea", muulize ataiweka bila mfuniko? Nimepokea mashine ya namna hiyo, imekatwa boksi kwa msumeno wa chuma, vumbi la chuma limelala juu ya madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Mwenyewe aliniambia inazima yenyewe. Sikushangaa.

Kisha kuna pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme. 7010 nyembamba ina ya wati 240, umbo lake la Dell wenyewe, huwezi kuitoa ukaweka ya dukani. Kwenye mashine nyingi za ofisi zilizofuata hata plagi za kwenye madabodi ni za kampuni yenyewe, si ile pana ya pini 24 uliyoizoea. Kwa hiyo ukinunua mashine ya ofisi, chagua kadi inayokula umeme wa kwenye tundu lake tu, bila waya wa ziada. Tundu hilo linatoa wati 75, basi. GTX 1050 Ti nyingi zinaishi humo. GTX 1650 pia, ila kuna matoleo ya 1650 yenye soketi ya pini sita ubavuni, na hayo hayakufai. RTX 3050 ya GB 6, ile ya wati 70 iliyotoka 2024, nayo inaingia kwenye kundi hili, lakini kwa bajeti yako iache kwanza. Kabla hujalipa, geuza kadi uangalie ukingo wake wa juu: kama kuna soketi ya waya, irudishe.

Na hiyo 1050 Ti ya winga, nina wasiwasi nayo. Kadi feki za jina hilo zimeenea sana. Wanachukua kadi ya mwaka 2011 kama GTX 550 Ti, wanaifuta programu yake ya ndani na kuiandikia jina jipya, kompyuta inaamini. Mwanafunzi mmoja aliniletea yake analia kwamba FC haifunguki. Niliweka programu ya bure iitwayo GPU-Z, mbele ya jina la kadi likatokea neno "FAKE". Duka alilonunulia lilikataa kumrudishia. Dalili nyingine unaiona kwa macho: kadi hizo mara nyingi zina tundu la VGA, lile la bluu la pini kumi na tano. Kizazi cha 1050 Ti halisi hakitoi tena ishara ya VGA, hivyo ukiliona tundu hilo, shuku mara moja. GPU-Z ni ndogo, iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kuiwasha.

Rafiki yako hajakosea kitu kuhusu 5600G. Ni prosesa nzuri ya 2021, ina viini sita na michoro yake imo ndani, hivyo unaanza bila kadi. Ningekuwa nakujibu miaka miwili nyuma ningekwambia ukae ufikirie. Lakini bei ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vimegeukia kulisha mitambo ya akili bandia, na 5600G bila RAM ya kutosha ni mzigo. Michoro yake inaazima RAM ya kompyuta, na inataka vipande viwili vinavyofanana vifanye kazi bega kwa bega. Kipande kimoja cha GB 16 kinaidumaza, viwili vya GB 8 vinaiamsha. Jumlisha na madabodi, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia), boksi na pawa saplai, halafu kumbuka kioo huna. Laki tisa zitaisha hujafika. Mashine ya mtumba inakuja na RAM yake ndani, na kwa sasa hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Basi fanya hivi. Tafuta mnara, yaani boksi pana la kusimama, si jembamba: Dell OptiPlex 7060 Tower au HP EliteDesk 800 G4 Tower, yenye i5-8500, RAM ya GB 16 kwa vipande viwili, na SSD ya GB 500 ukiweza. Usikubali SSD ya GB 128. FC 25 peke yake inadai GB 100, na GTA V inapita GB 100 nayo, video za harusi utaziweka wapi? Boksi hili litameza nusu ya pesa yako, na liache limeze. Kadi, GTX 1650 isiyo na soketi ya waya, kwenye theluthi moja hivi ya pesa. Kioo cha mtumba cha ofisi, inchi 22 au 24, kiwe na nukta 1920 kwa 1080; wakati wa kukijaribu kiwekee picha nyeupe nzima ujue kama kina madoa. Kinachobaki ni stabilaiza na nauli.

Kwa nini 1650 na si RX 6400, ambayo utaambiwa ni mpya zaidi na inakula umeme kidogo? Kwa sababu mbili zinazokugusa wewe hasa. RX 6400 inawasiliana na madabodi kwa njia nne tu. Kwenye madabodi za kisasa si neno, lakini kwenye mashine ya kizazi cha nane njia hizo zinapungua kasi kwa nusu na gemu zinaanza kukwama. Halafu haina kabisa kifaa cha ndani cha kusimba video, yaani kuibana wakati wa kuitoa. GTX 1650 inacho. Siku ukitoa video ya harusi yenye urefu wa saa tatu utakumbuka sentensi hii.

Ukikuta pesa haitoshi vyote, usinunue kadi ya hovyo ili tu uwe nayo. Nunua boksi na kioo, anza kuhariri. Michoro ya ndani ya hiyo i5 ina msaada wake wa video, na GTA V inachezeka ukishusha mipangilio. FC itakusumbua, sikufichi. Kiwango cha chini walichoandika watengenezaji wa FC 25 ni hiyo 1050 Ti. Harusi mbili tatu zikilipa, rudi ununue kadi. Hakuna aliyejuta kwa kuanza na boksi zuri. Walioanza na kadi ndio wanaonijia.

Na siku ukiweka kadi, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye madabodi. Nimewahi kumtoza mtu nauli ya bajaji kwenda Mbagala kwa kosa hilo tu, akiwa ameshaitangaza kadi yake kuwa kimeo.

Mwisho, uko Tanga, upepo wa bahari uko mlangoni. Mashine zinazotoka pwani nazitambua kabla ya kufungua: skrubu zimeshika kutu, feni ina tope la vumbi na chumvi. Usiiweke chini ya dirisha, na usiiweke sakafuni. Kila baada ya miezi mitatu ifungue, ipulize, na ile ya mtumba ibadilishe dawa ya joto ya prosesa siku ya kwanza, maana ile ya kiwandani imeshakauka.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mjomba wangu yupo Muscat, anarudi Unguja mwezi ujao, ameniambia ataniletea kadi ya gemu. Ameona RX 580 ya GB 8 kwa bei poa. Kompyuta yangu ni ya kufunga mwenyewe, pawa saplai imeandikwa wati 500. Itafaa? Na umeme wa kule si tofauti?
— Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba. Umeme usikutie hofu: Oman wanatumia plagi ya miguu mitatu kama yetu na volti ni karibu zilezile za kwetu. Kadi yenyewe haijui imetoka wapi.

Mwombe mjomba asome vizuri jina. Kuna RX 580 na kuna RX 580 2048SP. Hiyo ya pili ilitengenezwa kwa soko la China na kwa nguvu ni RX 570 iliyovaa kanzu ya mwenzake. Si mbaya, ila isiuzwe kwa bei ya 580. Ajue pia kwamba kadi nyingi za aina hii zilichimba sarafu ya mtandaoni ya Ethereum usiku na mchana mpaka uchimbaji wake ulipokoma Septemba 2022. Aione ikicheza gemu kwa nusu saa, asikilize feni.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo pawa saplai yako. RX 580 inakula wati 185 peke yake. Angalia stika ya ubavuni, tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Ukikuta 18A, hiyo ni wati 216 za kweli, na ile 500 ni rangi tu. Mwaka 2017 nilimfungia kijana wa Temeke pawa saplai ya namna hiyo kwa sababu alisisitiza na mimi nikanyamaza. Wiki ya tatu ilipasuka ikaondoka na madabodi. Nililipa nusu ya hasara, kwa kuwa nilijua na sikusema. Tangu hapo nasema kila mara: ikiwa nyepesi mkononi kama boksi tupu, isiingie kwenye kompyuta yako. Mjomba alete kadi, wewe huku tafuta pawa saplai ya jina linalojulikana, yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme) na waya wa pini nane.

SWALI: Fundi, mwanangu wa kidato cha tano anataka Sh 250,000 anunue "graphics card" ya kuweka kwenye laptop yake ya shule. Nimpe?
— Mama wa Morogoro

JIBU: Hapana, mama. Kwenye laptop za kawaida kadi ya michoro imelehemewa kwenye madabodi, haichomolewi wala haiongezwi. Huenda mtoto hajui, au kuna aliyemdanganya. Muulize kwa upole ameambiwa na nani. Kama laptop inafanya kazi polepole, fundi wa hapo Morogoro aifungue aangalie kama inapokea SSD na RAM ya ziada. SSD peke yake itambadilishia maisha, na chenji yako itarudi.