Biblia ipi ni ya asili? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Kama Biblia imetoka kwa Mungu, kwa nini kuna tafsiri ya Union Version, kuna ya Habari Njema, kuna ya Wakatoliki yenye vitabu 73 na ya Waprotestanti yenye 66? Na yale mabano kwenye baadhi ya mistari, si ushahidi kwamba sisi Wakristo wenyewe hatuna uhakika? Nafundisha darasa la Biblia la vijana usharikani kwetu, na maswali haya hunijia mara kwa mara, hasa kwa kijana aliyebanwa na wenzake chuoni. Najibu kwa kirefu kwa sababu nimewaona vijana waliojibiwa "wewe amini tu" wakiacha kuja.

Nianze na uvuvio, yaani jinsi Mungu alivyowaongoza waandishi. Wengi hudhani mwandishi alikuwa kalamu tu, maneno yakishuka huku yeye hana lake. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Paulo anasema kila andiko lina pumzi ya Mungu (2 Timotheo 3:16), na Petro anasema wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu wakiongozwa na Roho Mtakatifu (2 Petro 1:21). Angalia: wanadamu walinena. Luka anaeleza mwanzoni kabisa kwamba alichunguza mambo kabla ya kuandika. Paulo, katika 1 Wakorintho 1:16, anasema hakumbuki kama alimbatiza mtu mwingine zaidi ya watu wa nyumbani mwa Stefana, na maneno hayo yameachwa palepale. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye katika 16:22 anatoa salamu zake mwenyewe. Nasoma mistari hiyo kwa furaha. Mungu alisema kupitia watu wenye akili zao na kumbukumbu zao, hata pale kumbukumbu ilipokoma.

Sasa kuhifadhiwa, na hapa ndipo ubishi ulipo. Soma Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu anasomewa gombo, na kila zikisomwa kurasa tatu nne anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo zima likateketea. Yeremia akamwita karani wake Baruku, likaandikwa upya, tena na maneno mengine yakaongezwa. Nakala ile ya kwanza haipo tangu siku hiyo. Kwa hiyo anayetudai karatasi yenyewe aliyoishika nabii anadai kitu ambacho Biblia haikuahidi.

Kilichopo ni nakala nyingi, na mimi nashikilia kwamba wingi huo ndio ulinzi wenyewe. Nilipokuwa kwaya tulinakili nyimbo kwa mkono kwenye madaftari. Mmoja akiruka mstari, mwingine akakosea neno, lakini tukiyaweka madaftari kumi mezani kosa lilionekana mara moja, kwa kuwa watu kumi hawakosei mahali pamoja. Agano Jipya la Kigiriki lina nakala za mkono zaidi ya 5,000, nyingine ni vipande, nyingine zimekamilika. Hazifanani herufi kwa herufi, na hakuna msomi wa Kikristo anayeficha hilo. Lakini zilitapakaa Misri, Siria, Ugiriki na Italia mapema mno. Hapakuwa na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzikusanya zote na kuzibadilisha.

Kwenye darasa huwa naonyesha picha ya gombo la Isaya lililopatikana mwaka 1947 katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Lina urefu wa zaidi ya mita 7 na liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, nakala kamili ya Agano la Kale la Kiebrania iliyotegemewa zaidi na wasomi ilikuwa ya mwaka 1008 hivi. Pengo la miaka elfu moja! Wasomi walipolinganisha, tofauti nyingi zilikuwa za tahajia na maneno madogo madogo, na Isaya alikuwa ni yuleyule.

Kuza picha ufike sura ya 40, mistari ya 7 na 8. Maneno "majani yakauka, ua lanyauka" yanatokea mara mbili. Jicho la mwandishi likaruka kutoka la kwanza hadi la pili, akaacha yaliyo katikati. Mtu mwingine, kwa mwandiko tofauti, akaja kuyaongeza: mengine kayabana kati ya mistari, mengine kayateremsha pembezoni. Kosa limeonekana na limesahihishwa mbele ya macho yako, bila kufutwa alama zake. Vijana wangu huelewa zaidi hapo kuliko kwa mahubiri yangu yoyote.

Mabano nayo ni kazi hiyohiyo. Chukua Mathayo 17:21 katika Union Version, habari ya kusali na kufunga. Mstari huo haumo katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, ila umo katika nyingi za baadaye. Na Marko 9:29 ina neno linalofanana nao, hivyo huenda mnakili aliulinganisha na Marko. Watafsiri wakautia mabano ili msomaji ajue. Anayekusudia kudanganya haweki alama mahali alipo na shaka.

Tafsiri za Kiswahili ni nyingi kwa sababu zina historia. Mmisionari Mjerumani Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akiwa Mombasa mwaka 1844. Huko Zanzibar, Askofu Steere wa Kanisa la Anglikana alifanya kazi kwa lahaja ya Kiunguja, na mwanachuoni wa Kiislamu, Sheikh Abdul Aziz, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Steere alikuja kuona lugha ya sheikh huyo ni ya kisomi mno kwa watu wa kawaida. Natamani pande zote mbili hapa jukwaani, Wakristo na Waislamu, zikumbuke ushirikiano ule. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka 1891, ya Kimvita (lahaja ya Mombasa) 1914, ya mmisionari Mjerumani Roehl 1937, na Union ya 1952 ikaja kuwaunganisha wasomaji wa Unguja na wa Mombasa. Habari Njema ya miaka ya 1990 ilifanywa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja.

Kuhusu 73 na 66: vitabu saba vya tofauti, kama Tobiti na Yoshua bin Sira, vyote ni vya Agano la Kale. Vilisomwa na Wayahudi wengi wa kale, na vipande vya hivyo viwili vimekutwa Qumran pia. Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, mwaka 1534 aliviweka sehemu ya peke yake kama vya kufaa kusomwa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1546 ukavithibitisha kuwa Maandiko. Agano Jipya ni vitabu 27 vilevile kwa Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste.

Kama kuna mstari mahususi unaoona umechezewa, uweke hapa na sura yake, tuutazame pamoja.