Usimfungie mama ndani

Pole, dada. Umeuliza kama umfungie mama ndani kwa kuwa amekuwa msahaulifu na hupotea kila akitoka hapo Nkuhungu, Dodoma, na wengine wameanza kunong'ona uchawi. Usimfungie. Nenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, kijiwe cha bodaboda na mama wa genge, uwaambie wazi kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Wakimwona wamwamkie kwanza, kwa Kigogo kama ndiyo lugha yake (lugha ya utotoni mara nyingi hukawia kufutika), wasibishane naye, kisha wakupigie. Namba yako ishonee kwenye upindo wa gauni lake. Hospitali pia mpeleke. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapo Dodoma, watu huiogopa bure tu. Huenda chanzo kikatibika: upungufu wa vitamini B12, kwa mfano, huleta usahaulifu unaoweza kutibika.