Mzazi wa upasuaji asikandwe tumbo

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu amejifungua kwa upasuaji, leo ni siku ya 5 na yuko nyumbani. Kwetu mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto asubuhi na jioni ili damu chafu itoke. Nesi amekataza, lakini wenzangu wanasema tumbo litabaki kubwa. Na kidonda tukisafishe kwa nini?
Bibi wa mjukuu wa kwanza, Tukuyu

JIBU: Shikamoo bibi, na hongera kwa mjukuu. Nesi yuko sahihi, na tunakuomba umsimamie mbele ya hao wenzako. Chini ya mshono unaouona kuna mingine: wa ukuta wa tumbo na wa mfuko wa uzazi wenyewe. Mkono unaokandamiza taulo la moto huivuta yote. Tena ngozi iliyo jirani na mshono hufa ganzi kwa wiki au hata miezi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Mzazi anaweza kuungua hadi malengelenge asisikie. Damu ya uzazi hutoka yenyewe, na mfuko wa uzazi hurudi ndani ya wiki 6 hivi. Kinachousaidia ni mtoto kunyonya mara kwa mara. Mkitaka kumkanda, mkandeni mgongo na mabega.

Kidonda chenyewe hakitaki mambo mengi. Kama hospitali haikuelekeza vinginevyo, bandeji huondolewa baada ya saa 48, kisha anaoga kila siku. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kwanza. Maji ya uvuguvugu yapite juu ya mshono bila kusugua, halafu ukaushwe kwa kugusagusa na kitambaa safi kilichopigwa pasi. Hapo pa kukausha ndipo wengi huharibu: tumbo la mzazi hukunjika juu ya mshono, jasho hukaa humo, ngozi inalainika na kuachia. Alale chali dakika 10 kidonda kipate hewa, na chupi iwe ya pamba, ifike juu ya mshono.

Spiriti msitumie, huchoma nyama changa inayoota. Majivu na dawa za kusaga msiweke kabisa, maana vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Unga wa vidonge vya antibayotiki nao hausaidii. Maharage, mayai, dagaa na parachichi ale. Hakuna chakula kati ya hivyo kinachotunga usaha, na mwili unahitaji protini ili uunge.

Baridi ikizidi, mwongezeeni blanketi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani milango ikiwa imefungwa, kwani hewa yake huua mama na mtoto usingizini.

Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo mkiona wekundu unaotanuka, usaha, harufu mbaya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au homa ya nyuzi 38 na zaidi. Mshono ukiachia na kitu cha ndani kikaonekana, msikirudishe. Kifunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, asile wala kunywa, na tafuteni gari mara moja.

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena wiki 2 zilizopita. Kidonda kimefunga, sina maumivu. Naweza kurudi kubeba magunia ya viazi?
Mpakiaji, Makete

JIBU: Bado, ndugu yetu. Kilichofunga ni ngozi ya juu. Ukuta wa ndani, ambao ndio uliokuwa na tundu, unaunga polepole; hata baada ya miezi 3 kovu huwa na takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya awali. Kazi nyepesi na kutembea fanya, tena kutembea ni dawa. Kubeba mzigo mzito subiri wiki 6, na gunia la lumbesa usilibebe peke yako hata wakati huo. Ukikohoa, kandamiza kinena kwa kiganja. Usijikamue chooni: kunywa maji, kula mboga na matunda. Sigara acha, inachelewesha kuunga na inaleta kikohozi.

Kama mnachota maji ya mto, ya kuoshea kidonda yachemshwe. Kwenye miinuko ya Makete maji huchemka yakiwa na joto dogo kuliko ya Pwani, kwa hiyo yaachwe yatokote dakika 3 kabla ya kuepuliwa.