Kwa anayeanza kupiga kinanda katika bendi: niliyojifunza kwa Benny Andersson na kwa makosa yangu

Kijana anayejiunga na bendi kwa mara ya kwanza akiwa mpiga kinanda huingia na hofu ya kuonekana hana kazi, na hofu hiyo humfanya apige kila mahali: chini kwenye eneo la besi, katikati alipo mpiga gitaa la rithimu, na juu anapopanda mwimbaji. Nami nilianza hivyo hivyo. Katika bendi ya hoteli iliyoniajiri, mpiga besi alinivumilia miezi mitatu, kisha usiku mmoja tulipokuwa tukikunja nyaya akaniambia kwa upole, “Mdogo wangu, mkono wako wa kushoto unakula sahani yangu.” Tangu siku hiyo, palipo na mpiga besi, mkono wangu wa kushoto hushikilia sauti moja au mbili tu, na mara nyingine hulala pajani.

Huwa nawaelekeza wanafunzi wangu kwa Benny Andersson, mpiga kinanda na mtunzi wa ABBA, kundi la muziki wa pop la Sweden, kwa kuwa njia yake ya kazi inajulikana hatua kwa hatua tangu utotoni. Alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 16 Desemba 1946, katika nyumba ambamo baba na babu walipiga akodiani, ala ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja hawahitaji kuelezwa. Alipewa akodiani yake akiwa na umri wa miaka 6, piano ikaja alipofikisha miaka 10, na shule akaiacha akiwa na miaka 15. Hakuwa mtu wa kusoma nota. Msilichukue hilo kuwa ruhusa ya uvivu, kwani mwenye mwalimu wa nota na asijifunze anajinyima mwenyewe. Ninachotaka mkizingatie ni kwamba aliyelelewa kwa akodiani hufunzwa mapema kuipa mikono miwili kazi mbili tofauti, wa kulia ukichukua wimbo na wa kushoto ukibeba mapigo, na sikio ndilo huwa mwalimu wake wa kwanza.

Usikivu huo unasikika katika “Dancing Queen” ya mwaka 1976. Wimbo unafunguliwa kwa vidole kuteleza juu ya funguo za piano, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kulijaribu, lakini uhodari umo katika yanayofuata. Sikilizeni namna piano inavyojibu pale waimbaji wanapovuta pumzi, kisha inavyowapisha wanaporudi. Zoezi langu kwa wanafunzi ni hili: imba wimbo wowote unaoujua kwa sauti, huku mikono ikiruhusiwa kupiga katika nafasi zilizo kati ya mstari na mstari tu. Wengi hukasirika siku ya kwanza, kwa sababu hugundua kwamba hawajawahi kuyasikiliza maneno ya nyimbo wanazozipiga kila Jumamosi.

Jambo jingine linahusu kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, ambacho kipo kwenye karibu kila kinanda cha kisasa. Katika harusi moja mjini Tanga nilishusha ufunguo kwa ajili ya mwimbaji mwenye mafua, nikasahau kuurudisha. Wimbo uliofuata, wa kuwaingiza maharusi, ulianza na kinanda peke yake, hivyo sikugundua lolote hadi magitaa yalipoingia na tarumbeta ikasikika kana kwamba inapigwa kwenye ukumbi wa jirani. Bibi harusi alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Siku hizi kila wimbo naufanyia mazoezi katika funguo tatu kwa vidole, na kitufe kile nakigusa kwa nadra sana.

Mkiingia studio, fanyeni urafiki na fundi mitambo kabla ya kufanya urafiki na mtu mwingine yeyote. Ule utajiri wa sauti za ABBA ulitokana pia na fundi wao, Michael B. Tretow, aliyerekodi ala zilezile mara mbili na kubadilisha kidogo kasi ya utepe wa kurekodia, ili sauti ya pili isilingane kabisa na ya kwanza na zote mbili zisikike pana.

Kuhusu fedha nitasema kwa urefu kidogo, maana ndipo wengi wetu tulipoumia. Kabla ya ABBA, Andersson alikuwa mpiga kinanda wa Hep Stars, bendi aliyojiunga nayo mwaka 1964 na iliyopendwa mno nchini Sweden. Mwaka 1967 walisafiri hadi Kenya kupiga filamu iliyoitwa “Habari-Safari”. Gharama zikapanda, filamu haikukamilika, na mwaka uliofuata kampuni yao ikafilisika. Jina lile hunichekesha kila mara, lakini hasara ilikuwa ya kweli. Kilichobaki mikononi mwake ni uwezo wa kutunga, ambao ulikuwa umeonekana tayari kupitia nyimbo alizoiandikia bendi hiyo. ABBA ilishinda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, mjini Brighton, Uingereza, tarehe 6 Aprili 1974, na ilipofika tarehe 6 Aprili 1999, miaka 25 kamili baadaye, igizo la muziki la “Mamma Mia!” lilifunguliwa London kwa nyimbo ambazo yeye na mwenzake wa ABBA, Björn Ulvaeus, walikuwa wamezitunga zamani.

Mimi niliwahi kutunga sauti ya ufunguzi ya wimbo mmoja uliopigwa redioni kwa miaka mingi. Nililipwa posho ya siku moja na sahani ya pilau, kwa sababu jina langu halikuandikwa miongoni mwa watunzi, na sikuuliza. Sasa katika mfuko wa kinanda changu, pamoja na waya wa akiba, hukaa daftari dogo. Kabla ya kurekodi tunaandika nani ametunga nini na mgawo wa kila mmoja, tunaweka sahihi sote, ndipo naomba kinanda kiwashwe.